Miaka 80 ya Kuhesabu Mistari

Sarafu ndiyo iliyoamua nani atangulie. Ndani ya jumba la Alexandra Palace, juu ya kilima kaskazini mwa London, kulikuwa na studio mbili za makampuni mawili yasiyopatana, na BBC haikutaka kuonekana inapendelea upande wowote. Sarafu ikarushwa, bahati ikaiangukia kampuni ya John Logie Baird. Saa 9 alasiri, tarehe 2 Novemba 1936, hotuba za ufunguzi zikatangazwa kwa mtambo wake. Zilipokwisha, wakubwa walewale wakahamia studio ya pili, wakarudia maneno yaleyale mbele ya kamera za Marconi-EMI. Waliokuwa wakitazama majumbani walikuwa mamia machache tu, na kila mwenye seti alikuwa ameilipia fedha zilizokaribia bei ya gari dogo.

Huduma iliyofunguliwa siku ile ilijulikana kwa jina la kujivunia: televisheni ya ubora wa juu. Naam, HD, mwaka 1936.

Jina hilo halikutungwa na muuza duka. Lilitoka kwa kamati ya serikali ya Uingereza iliyoongozwa na Lord Selsdon, ambayo mwaka 1935 iliandika kwamba picha inayostahili sifa hiyo ni ile yenye mistari isiyopungua 240, ikibadilishwa mara 25 kila sekunde. Kwa macho yetu hiyo ni picha ya kusikitisha. Lakini miaka michache nyuma Baird alikuwa akirusha picha za mistari 30, ambazo uso wa mtu uliweza kuutambua hasa kama ulikuwa unamjua mwenyewe. Ukitoka 30 ukafika 240, umepanda mlima. Neno "juu" ndivyo lilivyo, halisimami peke yake, lazima uulize juu ya nini.

Baird alikuwa na mistari yake 240, idadi ileile ya chini iliyoruhusiwa, na aliipata kwa taabu. Kamera yake kubwa ilikuwa imefungwa sakafuni kwa bolti, kwa sababu chini yake kulikuwa na matangi ya dawa. Ilimpiga mtu kwa filamu ya kawaida, filamu ikashuka ikapitia kwenye dawa, ikasafishwa kwa maji yenye sianidi, ikasomwa na mashine ingali mbichi, na picha ikaenda hewani karibu dakika nzima baada ya tukio. Upande wa pili wa ukumbi, Isaac Shoenberg wa EMI alikuwa amewaambia wahandisi wake waache mpango wa mistari 243 waruke moja kwa moja hadi 405, kwa kamera ya kielektroni isiyohitaji tangi wala dawa. Makampuni hayo yakapokezana wiki kwa wiki. Tarehe 30 Novemba jumba la Crystal Palace, zilikokuwa maabara za Baird, likateketea kwa moto. Februari 1937 ikatangazwa kwamba mistari 405 imeshinda.

Kabla hatujaendelea, inafaa kueleza mistari yenyewe ni nini, maana ndiyo iliyogombewa hadi leo. Televisheni ya zamani haikuchora picha yote kwa mkupuo. Mwale wa elektroni ulifyeka kioo kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, kama mtu anayesoma ukurasa. Mistari mingi ina maana ya picha kali, lakini pia ina maana ya habari nyingi kila sekunde, na habari nyingi zinahitaji masafa mapana hewani. Masafa hayaongezwi kwa kiwanda. Ni kama kiwanja cha mjini, ukichukua wewe mwenzako amekosa. Marconi-EMI walipunguza mzigo kwa ujanja wa kuchora mistari ya witiri kwanza, kisha kurudi kujaza ya shufwa. Jicho linaona picha 50 zisizopepesa, kumbe zilizokamilika ni 25. Baird hakutumia ujanja huo. Yake ilichorwa mfululizo, na ilipepesa. Ugomvi wa mistari ya kupishana na mistari ya mfululizo ulianzia hapo, nasi tutakutana nao tena Marekani miaka 60 baadaye, wenye ugomvi wakiwa wamebadilika.

Baada ya hapo kila nchi ilihesabu kivyake. Wamarekani walikubaliana mistari 525 mwaka 1941. Wafaransa, ambao hawakutaka kufuata mtu, walitoa amri Novemba 1948 chini ya sahihi ya kijana mmoja aliyeshughulikia habari serikalini, François Mitterrand, wakaweka mistari 819. Kati ya hiyo, 737 ilionekana kwenye kioo. Iweke akilini namba hiyo. Chaneli moja ya Kifaransa ilikula masafa zaidi ya maradufu ya chaneli ya Marekani, na picha ilikuwa nyeusi na nyeupe tu, lakini ilikuwa kali kweli. Sehemu kubwa ya Ulaya ilitulia kwenye 625, na makoloni ya zamani yakaifuata. Zanzibar ilipowasha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilichukua mistari hiyohiyo 625, huku Tanzania Bara ikisubiri hadi 1994 ndipo ipate stesheni yake ya kwanza. Na ile "ubora wa juu" ya London? Mistari 405 ilizimwa rasmi Januari 1985, ikiwa imezeeka kwa jina lake lilelile.

Tokyo ndiko neno lilikozaliwa upya. Michezo ya Olimpiki ya 1964 ilipokwisha, shirika la utangazaji la Japani, NHK, liliwapa watafiti wake swali la televisheni itakayofuata baada ya rangi. Takashi Fujio na wenzake hawakuanza na mashine. Walianza na viti. Waliketisha watu mbele ya picha za ukubwa mbalimbali, wakiwasogeza mbele na kuwarudisha nyuma, wakipima ni wapi mtu anaacha kujiona anatazama sanduku na kuanza kujiona yumo ndani ya mandhari. Kwenye televisheni ya kawaida watu walikaa mbali, kama mara 7 ya kimo cha picha, kwa sababu ukisogea unaanza kuiona mistari. Walichokipata ni kwamba picha inapaswa kujaza kama nyuzi 30 za upeo wa macho, yaani mtu akae umbali wa mara 3 tu ya kimo chake, na kioo kiwe kipana kuliko kile cha karibu mraba. Hapo ndipo hesabu ya mistari ilipoanza: mtu akikaa karibu kiasi hicho, mistari mingapi itatosha ili asiione?

Jibu lilikuwa zaidi ya 1,000. Wakachagua 1125, namba yenye adabu za kidiplomasia ndani yake, kwani inapatikana kwa uwiano mwepesi kutoka 525 ya Wamarekani na kutoka 625 ya Ulaya pia.

Naomba msomaji akae na jambo hili kidogo, maana ndilo lililopotea baadaye. HD ya Wajapani haikuwa picha kali zaidi kwenye seti ileile, sebuleni palepale. Ilikuwa ni kumhamisha mtazamaji. Mistari ilikuwa dawa ya kiti kilichosogezwa. Ukiacha kiti mahali pake, dawa hiyo haina ugonjwa wa kutibu. Wauzaji waliochukua jina hilo miaka 30 baadaye waliichukua mistari na kukiacha kiti Tokyo.

Februari 1981 NHK ilipeleka mitambo yake San Francisco, kwenye mkutano wa wahandisi wa filamu na televisheni. Walioiona walitoka wameduwaa, na Francis Ford Coppola alikuwa miongoni mwa waliosema kwamba sinema imepata chombo kipya. Shida ilikuwa hewa. Picha ile ilihitaji masafa ya chaneli kadhaa za kawaida. NHK ikabuni njia ya kuibana, iliyoitwa MUSE, ili ipite kwenye satelaiti. MUSE ilitunza ukali wa picha iliyotulia. Kitu kikikimbia, ukali ulipungua. Mlima ulionekana vizuri kuliko mpira.

Mei 1986, wataalamu wa kimataifa wa redio na televisheni walikutana Dubrovnik, na Japani ikiungwa mkono na Marekani ikaomba 1125 iwe kiwango cha dunia nzima. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Philips wa Uholanzi na Thomson wa Ufaransa walikuwa wamekwisha kuona viwanda vya redio na kamera vya Ulaya vikimezwa na Wajapani, na walijua kwamba dunia ikikubali 1125, seti zitakuja na meli kutoka Yokohama. Ulaya ikaomba muda wa kufikiri. Mwaka huohuo ikaanzisha mradi wake wenyewe, Eureka 95, wenye mistari 1250, ambayo ni 625 mara 2. Michezo ya Olimpiki ya 1992, ya baridi Albertville na ya kiangazi Barcelona, ilirushwa kwa mfumo huo kwenye seti za maonyesho, watu wakapita wakatazama, wakaenda zao. Uingereza ilikataa kuendelea kuuchangia, na mwaka 1993 mradi ukaachwa. Fedha nyingi za umma zilizikwa pale bila hata kuacha seti moja sebuleni kwa mtu wa kawaida.

Japani yenyewe iliendelea. NHK ilianza na saa moja kwa siku mwaka 1989, kisha saa 8 kwa siku kuanzia tarehe 25 Novemba 1991. Tarehe haikuokotwa: ni mwezi wa 11, siku ya 25, mistari 1125. Hata kalenda ilifanywa tangazo la biashara. Seti ziliuzwa kwa yen milioni kadhaa, na wanunuzi walikuwa wachache kama unavyotegemea. Februari 1994 afisa mkubwa wa Wizara ya Posta na Mawasiliano, Akimasa Egawa, alisema hadharani kile ambacho wahandisi walikuwa wakinong'ona, kwamba mfumo huu umepitwa na Japani ihamie dijitali. Viwanda vikawaka. Kesho yake akayameza maneno yake. MUSE ikaendelea kupumua hadi 2007.

Kilichoipita MUSE kilitoka Marekani, na kilitoka huko kwa njia ya kuchekesha. Katikati ya miaka ya 1980 Motorola na watumiaji wa redio za upepo, kuanzia polisi hadi magari ya mizigo, waliiomba Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, iwape masafa ya televisheni yaliyokuwa yamekaa bure. Wenye stesheni hawakuwa na matumizi nayo, ila hawakutaka kuyaachia. Wafanyeje? Januari 1987 walileta seti za NHK Washington wakawaonyesha wabunge na makamishna: tazameni, hii ndiyo televisheni ya kesho, Wajapani wanayo, sisi tutaihitaji, tafadhali msigawe masafa yetu. HD iliingia Amerika kama kisingizio. Baadhi ya waliokitoa hawakuwa na haraka hata kidogo ya kununua kamera mpya.

Lakini kisingizio kilichukuliwa kwa uzito. FCC ikaunda kamati ya ushauri chini ya Richard Wiley, aliyewahi kuwa mwenyekiti wake, ikaita mashindano. Mapendekezo yote yalikuwa ya analojia. Kisha mwanzoni mwa Juni 1990, muda wa kupokea maombi ukikaribia kwisha, kampuni ya General Instrument ikaleta karatasi kutoka San Diego, mbele wakiwa na mhandisi Woo Paik, mzaliwa wa Korea, ikisema kwamba picha ya HD inaweza kugeuzwa yote kuwa tarakimu na kushindiliwa ndani ya chaneli moja ya kawaida. Picha ghafi ilikuwa na zaidi ya biti bilioni 1 kila sekunde. Chaneli ya Marekani ingeweza kubeba kama milioni 19. Siri ilikuwa kutopeleka tena kile ambacho hakijabadilika tangu picha iliyopita: ukuta ulio nyuma ya msomaji wa habari hauhitaji kutumwa mara 30 kwa sekunde. Ndani ya mwaka mmoja washindani wengine walikuwa wamegeuza mapendekezo yao. Mwezi Mei 1993 waliobaki waliacha kushindana wakaungana, AT&T, General Instrument, MIT, Philips, maabara ya Sarnoff, Thomson na Zenith, wakajiita Muungano Mkuu.

Hapo ndipo wenye kompyuta walipogonga mlango. Kwao mistari ya kupishana ilikuwa uchafu wa karne iliyopita. Maandishi madogo yanatetemeka juu yake. Wenye stesheni na viwanda vya kamera waliitaka ibaki. Ulikuwa ugomvi wa Baird na EMI, umerudi na mawakili. Kiwango kilichoandikwa kilikuwa na jedwali la aina 18 za picha, na kati yake 6 tu ndizo zilizokuwa HD. FCC ilipokipitisha, tarehe 24 Desemba 1996, ililiacha jedwali hilo nje ya sheria, ili soko liamue.

Soko halikuamua. CBS na NBC wakachukua 1080 ya kupishana, ABC ikachukua 720 ya mfululizo kwa sababu ya michezo. Ukipiga hesabu, ya kwanza inachora nukta milioni 62 kwa sekunde, ya pili milioni 55, tofauti ndogo kuliko inavyosikika. Ila 1080 ni namba kubwa kuliko 720, na dukani hakuna anayezidisha. Tarehe 29 Oktoba 1998 John Glenn, mwenye umri wa miaka 77, alirudi angani ndani ya Discovery, na safari yake ikarushwa kwa HD kwa wachache waliokuwa na mahali pa kuitazama. Siku chache baadaye stesheni za miji mikubwa zilianza rasmi. Seti zilikwenda kwa maelfu ya dola, na nyingi ziliuzwa zikiwa hazina uwezo wa kupokea matangazo hayo. Zilihitaji boksi la pembeni, nalo liliuzwa peke yake. Kwa hiyo likazuka neno jipya, "tayari kwa HD". Tayari, yaani bado.

Ulaya ililipenda neno hilo kiasi cha kulitengenezea nembo. Januari 2005 umoja wa viwanda vya elektroniki, EICTA, ulitangaza masharti ya kibandiko cha "HD ready". Kioo kiwe kipana, kiwe na mistari isiyopungua 720, kikubali 720 ya mfululizo na 1080 ya kupishana, na kiwe na kufuli la kidijitali lililowatuliza wenye filamu wa Hollywood. Kupokea matangazo ya HD hakukuwa sharti. Mtu aliweza kuitundika seti yenye kibandiko hicho ukutani, akaitazama miaka mitano, asione HD hata siku moja, na hakuna aliyemdanganya kisheria. Sasa irudishe ile namba niliyoomba uiweke: Wafaransa wa 1949 walikuwa na mistari 737 kwenye kioo. Kwa kigezo cha mistari pekee, bibi wa Paris angepewa kibandiko.

Vioo vyenyewe vilikuwa na vituko. Seti nyingi za miaka ile zilikuwa na nukta 1366 kwa 768, kipimo ambacho hakuna stesheni yoyote iliyokitangaza. Picha ya 720 ilipofika ilibidi inyooshwe, ya 1080 ilibidi ikunjwe. Hakuna hata moja iliyokaa kama ilivyokuja. Kulikuwa na plazma za nukta 1024 kwa 1024, mraba wa namba kwenye kioo kisicho mraba, kila nukta ikiwa imetanuliwa kama chapati. Zote ziliuzwa kama HD, na kwa masharti yaliyoandikwa zilistahili. Kisha ikaja "Full HD", HD kamili, nukta 1920 kwa 1080, na kwa jina hilo moja kila aliyenunua mwaka uliotangulia aliambiwa kwa upole kwamba ya kwake ilikuwa nusu.

Tukirudishe kiti sasa. Jicho zima la kawaida hutenganisha nukta mbili zikiwa mbali kwa dakika moja ya nyuzi. Kwa mtu aliyekaa mita 3 kutoka kwenye kioo, hiyo ni karibu milimita 0.9. Seti ya inchi 42 yenye 1080 ina nukta za milimita 0.48, yenye 720 ina nukta za milimita 0.73. Zote mbili zimekwisha kupita chini ya uwezo wa jicho. Mnunuzi aliyeongeza fedha ili kutoka 720 kwenda 1080, kisha akarudi kuketi kwenye kochi lake la mita 3, alinunua namba. Ili aone alicholipia ilimbidi akae kama mita 1 na nusu, mara 3 ya kimo, palepale Fujio alipowaketisha watu wake. Sijawahi kuona kipimo hicho kwenye kibandiko cha dukani, na kinaandikika kwa maneno manne.

Mistari ilipofika kikomo cha macho, wauzaji walitafuta kitu kingine cha kuhesabu. Palikuwa na uwiano wa mwanga na giza, uliopanda hadi milioni 1 kwa 1 kwa hila ya kuzima taa ya nyuma picha ikiwa nyeusi tii na kuiwasha yote ikiwa nyeupe, kana kwamba kuna filamu ya aina hiyo. Palikuwa na hezi, yaani idadi ya picha kwa sekunde: 100, 200, 400, na plazma za 600, namba iliyopatikana kwa kuzidisha vipande vya mimweko ndani ya kila picha, wakati picha zenyewe zilizotoka stesheni hazikuongezeka hata moja. Na palikuwa na "LED". Mwaka 2009 Samsung ilileta seti nyembamba za kupendeza ikaziita televisheni za LED. Kioo kilikuwa cha fuwele kimiminika kama cha mwaka uliopita, kilichobadilika ni taa za nyuma yake, jambo ambalo Sony walikuwa wamelifanya kwenye seti yao ya Qualia tangu 2004 bila kelele. Msimamizi wa matangazo ya biashara wa Uingereza alipokea malalamiko mwaka huohuo wa 2009 akaona kwamba jina linapotosha. Haikusaidia. Leo ukiuliza duka lolote, kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue, utaambiwa televisheni ni za aina mbili, LED na zile za chogo.

Walionunua kwa dhati nao walipunjwa kutoka upande ambao kibandiko hakiufikii. Kiasi cha biti ndicho chakula cha picha, na hakuna anayekiona kutoka nje. Agosti 2009 BBC ilipunguza biti za chaneli yake ya HD kutoka milioni 16 kwa sekunde hadi 9.7, ikisema mitambo yake mipya ya kubania inafanya vizuri zaidi kwa kidogo. Watazamaji wenye macho makali walilalamika kwamba nyasi za uwanjani zimekuwa uji. Mistari ilikuwa 1080 kabla na 1080 baada.

Baada ya miaka michache ya miwani ya 3D, ambayo kila mtu ameshaisahau isipokuwa aliyeinunua, ikaja hatua ya werevu kuliko zote. Oktoba 2012 chama cha viwanda vya elektroniki vya Marekani kilichagua jina la kizazi kipya, "Ultra HD", ila mitaani likashinda jina la 4K. Tangu 1936 televisheni ilihesabiwa kwa wima: 240, 405, 625, 1080. Kizazi kipya kwa hesabu hiyo kingeitwa 2160, maradufu tu. Wakageuza utepe wa kupimia wakahesabu kwa upana, nukta 3840, wakakaribisha hadi 4,000. Kutoka 1080 hadi 4K kunasikika kama kuruka mara nne. Nukta kwa jumla zimeongezeka mara nne kweli, milioni 8.3 dhidi ya milioni 2.1, lakini aliyezoea kusoma namba moja aliona kitu kingine kabisa.

Desemba 2012, dunia ikianza kuzoea jina hilo, Dar es Salaam ilizima analojia, usiku wa tarehe 31. Kenya ilifika hapo Februari 2015, katikati ya mvutano uliowaacha watazamaji wa NTV, KTN na Citizen na vioo vitupu kwa siku kadhaa. Huku kwetu dijitali haikuuzwa kwa mistari. Iliuzwa kwa kuisha kwa chenga na kuongezeka kwa chaneli, na ving'amuzi vingi vilivyofungwa vilitoa picha ya kawaida ya mistari 576, inayoonekana kati ya ile 625. Hata hivyo seti zilizoshushwa bandarini zilibeba vibandiko vyote vya Ulaya na Asia. Ndivyo ilivyotokea kwamba kwenye vibanda umiza, Jumamosi jioni, kioo chenye herufi 4K kwenye kona kinapokea mpira wa mistari 576 kutoka kwenye king'amuzi, kinautanua mara nyingi, na watu 60 walioketi kwenye mabenchi wanaona vizuri tu nani ameotea. Wale wa benchi la mbele, kwa hakika, ndio pekee waliokaa kwa kipimo cha NHK.

Tokyo walikuwa bado wanahesabu. Tarehe 1 Desemba 2018 NHK ilifungua chaneli ya satelaiti ya 8K, nukta milioni 33 katika kila picha, na kati ya vipindi vya siku ya kwanza ilionyesha 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, iliyopigwa kwa filamu pana na kutoka mwaka 1968, watafiti wa Tokyo wakiwa bado mwanzoni mwa kazi ya HD. Umbali waliokuwa wameukokotoa safari hii ni robo tatu ya kimo cha picha. Kwa seti ya inchi 85, hiyo ina maana ya kuweka kiti sentimita 80 kutoka kwenye kioo.